Asiyekuwapo na lake halipo

(Mazungumzo ya wiki kama yalivyosomwa redioni)



Wahenga wetu walisema asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii tumezoea kuitaja kwa utani, hasa pale mtu anapochelewa kufika akakuta pilau imebaki ukoko. Lakini ipo siku methali hiyo huacha kuwa utani. Ni siku ile ambapo kinachogawanywa si pilau bali ni maji, na aliyekosekana si mgeni aliyechelewa, bali ni mwenyeji ambaye hakuitwa kabisa. Leo nataka tuzungumze juu ya mto mmoja ulio mbali sana na sisi, mto Colorado wa kusini magharibi mwa Marekani, na juu ya watu wanaoishi jirani nao bila kuyanywa maji yake.

Nilibahatika kuuona mto huo mwezi Juni mwaka 2022. Dada yangu ni muuguzi, naye ameishi miaka mingi katika jiji la Phoenix, jimbo la Arizona. Alitualika mimi na mke wangu tukamtembelee. Shemeji akakodi gari la viti saba, dada akapika sambusa na chapati za njiani kana kwamba twenda Songea, wapwa zangu wawili wakaketi nyuma na simu zao, nasi tukaanza safari ya siku tano katika nchi ya makorongo.

Kwanza niseme neno juu ya Phoenix penyewe, maana hadithi ya mto inaanzia hapo. Phoenix ni jiji lililojengwa jangwani. Mwezi Juni joto hupita nyuzi 40, na mtu akishika kitasa cha gari mchana hurudisha mkono upesi. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200 tu. Dodoma, ambayo sisi huiita kame, hupata zaidi ya mara mbili ya hizo. Hata hivyo, nyuma ya nyumba nyingi kuna bwawa la kuogelea, na viwanja vya gofu ni vya kijani kama mashamba ya chai ya Mufindi. Nikamwuliza shemeji: maji haya yanatoka wapi? Akanijibu kwamba sehemu kubwa yanaletwa kwa mfereji kutoka mto Colorado. Mfereji huo una urefu wa kilometa 540, ukihesabu hadi upande wa Tucson, na njiani maji hupandishwa kwa pampu karibu mita 900, maana maji hayapandi mlima kwa hiari yake. Pampu hizo zinahitaji umeme mwingi mno. Naomba mliweke akilini jambo hilo la umeme, nitalirudia.

Siku ya kwanza tuliendesha gari saa nne kuelekea kaskazini. Jangwa la miti ya miiba likabaki nyuma, tukapanda hadi kwenye misonobari na hewa ya baridi, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo ilipo Grand Canyon. Nimesoma mengi juu ya korongo hilo na picha zake nimeziona, lakini picha ni kitu kingine. Unatembea katikati ya miti kama mtu anayekwenda dukani, kisha ardhi inakwisha mbele ya miguu yako. Urefu wa korongo ni kilometa 446, upana wake mahali pengine hufika kilometa 29, na kwenda chini ni zaidi ya kilometa moja na nusu. Miamba ya chini kabisa ina umri wa miaka karibu bilioni mbili. Mpwa wangu mdogo, ambaye tangu Phoenix hakuinua macho kutoka kwenye simu, aliitia mfukoni mwenyewe bila kuambiwa.

“Mjomba,” akaniuliza, “nani aliyechimba?”

Nikamwambia ni ule mto. Akatazama. Kutoka juu mto ule huonekana kama uzi wa rangi ya kahawia uliodondoshwa na fundi cherehani, na sehemu nyingi hauonekani kabisa. Lakini ndio huo huo, kwa muda wa miaka kama milioni tano au sita, ulioikata nchi ile.

Pale juu tulijaza chupa zetu bombani. Kibao kilieleza maji hayo yanakotoka. Nilidhani yanapandishwa kutoka mtoni chini, kumbe sivyo. Yanatoka kwenye chemchemi iitwayo Roaring Springs, ng'ambo ya pili ya korongo, nayo huletwa kwa bomba lililoteremshwa korongoni na kupandishwa upande wa pili, urefu wa kilometa 20. Bomba hilo lilijengwa miaka ya 1960 na sasa limechoka. Mwishoni mwa Agosti 2024 lilipasuka mahali panne, serikali ikalazimika kuzuia wageni wasilale katika hoteli za ukingo wa kusini. Hebu fikirini: moja ya nchi tajiri kuliko zote duniani, katika mbuga yake mashuhuri kuliko zote, mgeni anaambiwa arudi zake kwa sababu bomba limepasuka. Wakazi wa Dar es Salaam wakisikia hayo hawatashangaa sana.

Siku ya tatu tuliteremka kuelekea mashariki tukaingia katika ardhi ya Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné. Ardhi waliyotengewa ni kubwa, kama kilometa za mraba 70,000, zaidi ya Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Jambo la kwanza lililotuchekesha lilikuwa saa. Jimbo la Arizona halisogezi saa mbele wakati wa kiangazi kama yafanyavyo majimbo mengine ya Marekani, ila Wanavajo husogeza; na Wahopi, ambao ardhi yao imezungukwa na ya Wanavajo, hawasogezi. Kwa hiyo saa ya simu ya shemeji ilikuwa ikiruka mbele, ikirudi nyuma, kisha ikiruka tena. Mke wangu akasema afadhali kwetu: saa sita ni saa sita, jua liko utosini.

Kando ya barabara, baada ya mahali paitwapo Cameron, kulikuwa na vibanda vya mbao wanamouza mapambo ya fedha na ya jiwe la feruzi. Tulisimama kwenye kibanda cha mama mmoja wa makamo. Tulivaa barakoa kabla ya kushuka, maana wakati ule sheria ya Wanavajo ilikuwa bado inataka hivyo. Wakati mke wangu akichagua hereni, dada alitazama pikapu ya yule mama iliyoegeshwa nyuma. Ilikuwa imebeba tangi la plastiki, lile tunaloliita simtanki, limefungwa kwa kamba.

Dada akauliza ni la nini. Yule mama akasema ni la maji. Nyumbani kwake hakuna bomba. Kila wiki huendesha gari hadi kituo cha maji, akajaza, akalipa, akarudi. Ni maji ya kunywa, ya kupikia, ya kuoga, na ya kondoo. Akasema hawezi kutumia kisima kilicho karibu kwa sababu waliambiwa kina madini ya urani. Kisha yeye naye akauliza: nanyi kwenu maji mnapata wapi? Dada akamsimulia alivyokuwa akibeba dumu kichwani alfajiri kabla ya kwenda shule, na foleni ya bombani, na ugomvi wa foleni. Yule mama akacheka sana, dada naye akacheka, wakawa kama watu waliosoma darasa moja.

Tulipokuwa tumerudi garini, mpwa wangu mkubwa, binti wa miaka kumi na mitano aliyezaliwa Phoenix, alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema: “Mama, lakini sisi tuna bwawa la kuogelea.”

Hakuna mtu aliyemjibu. Shemeji aliongeza mwendo wa gari.

Ndugu wasikilizaji, yule mama si peke yake. Inakadiriwa kwamba karibu theluthi moja ya nyumba za Wanavajo hazina maji ya bomba. Mwaka 2020, korona ilipokuja na dunia nzima ikaambiwa inawe mikono kwa maji tiririka na sabuni, mwezi Mei kiwango cha maambukizi miongoni mwa Wanavajo, kwa kulinganisha na idadi yao, kilikipita hata kile cha jimbo la New York. Na hiyo urani haikutoka mbinguni. Kati ya mwaka 1944 na 1986, karibu tani milioni 30 za mawe ya urani zilichimbwa katika ardhi yao kwa ajili ya silaha na umeme wa nyuklia. Wachimbaji wakaondoka, yakabaki mashimo zaidi ya 500 yaliyotelekezwa.

Jioni tulifika mji wa Page, penye bwawa la Glen Canyon. Ukuta wa bwawa hilo una kimo cha mita 216. Ulifungwa mwaka 1963, na ziwa lililotokea, Lake Powell, lilichukua miaka 17 kujaa. Sisi tulilikuta chini ya theluthi moja ya ujazo wake. Juu ya miamba mekundu palikuwa na mkanda mweupe, kama ile alama inayobaki ndani ya birika la maji ya chumvi, na mkanda huo ulikuwa na kimo cha zaidi ya mita 45. Pale ndipo maji yalipokuwa zamani. Njia za zege za kuteremshia mashua zilikuwa zikiishia kwenye udongo mkavu.

Shemeji akatuonyesha mahali ambapo kilisimama kituo cha umeme wa makaa ya mawe hadi kilipofungwa mwaka 2019. Makaa yake yalichimbwa katika ardhi ya Wanavajo na Wahopi. Na sasa turudi kwenye zile pampu: umeme wa kituo hicho ndio uliokuwa ukiyasukuma maji ya Colorado kupanda hadi Phoenix na Tucson. Basi ninyi pimeni wenyewe. Makaa yalitoka kwao na moshi ulibaki kwao. Maji yalikwenda mjini, na yule mama anafunga simtanki kwa kamba. Ni kweli kituo kile kiliwapa Wanavajo wengi ajira, na kilipofungwa walilia. Lakini mshahara haunywewi.

Imekuwaje mambo yakawa hivi? Jibu liko kwenye kikao kimoja. Mwezi Novemba mwaka 1922, wajumbe wa majimbo saba walikutana karibu na mji wa Santa Fe wakaugawa mto Colorado. Majimbo ya juu yakapewa nusu na majimbo ya chini nusu, jumla mita za ujazo bilioni 18.5 kwa mwaka. Mwaka 1944 Mexico nayo ikaahidiwa karibu bilioni 1.85. Jumla bilioni 20 na ushei. Tatizo ni kwamba vipimo walivyotegemea vilikuwa vya miaka ya mvua nyingi kupita kawaida. Tangu mwaka 2000 mto huo hutoa wastani wa takriban bilioni 15 tu, kwa sababu ya ukame na kwa sababu dunia imezidi joto. Ni sawa na mtu mwenye mshahara wa laki tatu aliyewaahidi ndugu zake laki nne. Kwa muda ataishi kwa akiba, na mabwawa ndiyo yaliyokuwa akiba. Ile alama nyeupe kwenye miamba ndiyo kitabu cha benki, na kila mwenye macho anaweza kukisoma.

Lakini kosa la hesabu ni dogo kuliko kosa la pili. Katika kikao kile hakualikwa hata mjumbe mmoja wa makabila ya wenyeji, ambayo katika bonde la mto huo yako 30. Mwaka 1922 wengi wao hawakuwa hata wakitambuliwa kuwa raia wa Marekani. Sheria ya kuwapa wote uraia ilikuja mwaka 1924. Na hii ni pamoja na kwamba mwaka 1908 Mahakama ya Juu ilikwisha kusema kuwa ardhi iliyotengewa wenyeji imetengwa pamoja na maji yake. Haki ilikuwapo kwenye karatasi, ila mwenye haki hakuwapo kwenye kikao.

Kazi walijua kuwaita. Mwaka 1942 jeshi liliwachukua vijana 29 wa Kinavajo watunge mawasiliano ya siri kwa lugha yao katika vita ya Pasifiki, wakafuatwa na wengine mamia, na siri hiyo haikuvunjwa na adui. Kwenye mgawanyo wa maji hawakuitwa.

Wanavajo walikwenda mahakamani. Walisema mkataba wa mwaka 1868, uliowarudisha katika nchi yao baada ya kuhamishwa kwa nguvu, unaipa serikali wajibu wa kuwahakikishia maji. Tarehe 22 Juni 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliamua kwamba mkataba huo hauilazimishi serikali kuchukua hatua hiyo. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka yule mama, nikajiuliza ni majaji wangapi waliowahi kubeba maji.

Sasa, nisije nikasema upande mmoja tu. Yapo makabila yaliyofanikiwa. Jamii ya Gila River, kusini ya Phoenix, baada ya kudai kwa miaka mingi ilipata sheria ya mwaka 2004 iliyowarudishia maji mengi, na leo hakuna anayezungumza juu ya maji ya Arizona bila kuwashauri. Nao Wanavajo wa upande wa Utah walipata makubaliano yao, na saini zilitiwa Mei 2022 katika eneo la Monument Valley, wiki chache tu kabla hatujapita pale na kamera zetu. Makubaliano hayo yalikuja na dola milioni zaidi ya 200 za kujengea mabomba, maana haki ya maji bila bomba ni karatasi tu. Mnaona basi: waliofika mezani walipata, na ambao hawajafika bado wanabeba.

Hapo Page mwongozaji kijana wa Kinavajo alitupitisha katika korongo jembamba la Antelope, ambalo ukuta wake umelainishwa na maji kama kitambaa kilichopigwa pasi. Alitueleza kwamba tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa humo kwa mafuriko. Juu yao mvua haikuwa ya kutisha. Dhoruba ilinyesha kilometa nyingi huko juu, maji yakakusanyika yakashuka yote kwa pamoja. Kijana yule alisema: ukiwa chini, usitazame anga lililo juu yako, uliza kuna nini huko maji yanakotoka.

Maneno hayo nimekuja nayo nyumbani. Mto Colorado ulikuwa ukiingia baharini, katika ghuba ya California upande wa Mexico. Tangu miaka ya 1960 ni nadra kufika. Mwaka 2014 nchi hizo mbili, kwa makubaliano yao, ziliufungulia maji kwa majuma manane, na wakazi wa mji wa San Luis Río Colorado wakashuka kwenye mchanga kuupokea mto ambao mji wao unabeba jina lake. Walikuwamo watoto ambao hawakuwahi kuuona ukiwa na maji. Kisha malango yakafungwa.

Tusiseme hayo ni ya Wamarekani. Mto wetu wa Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima katika hifadhi ya Ruaha. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kila kiangazi, viboko wakibanana kwenye madimbwi, kwa sababu maji mengi huchukuliwa huko juu Usangu kabla hayajafika chini. Mkulima wa mpunga wa Usangu si mwizi. Ana watoto, nasi mjini twala mchele wake. Mfugaji naye ana haki, mvuvi wa Mtera ana haki, na mkazi wa mjini anayesubiri umeme ana haki. Ndiyo sababu nchi yetu imegawanywa katika mabonde tisa ya maji, kila moja na bodi yake, na sheria ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumia maji. Hilo ni jema. Kwenye karatasi tumewashinda wale wajumbe wa mwaka 1922.

Lakini karatasi haitoshi. Kibali cha maji kinapotolewa kwa shamba kubwa, mwanamke anayeteka maji chini ya mto ule alijulishwa? Kikao cha jumuiya kinapoitishwa, kinaitishwa saa ambayo yeye yuko kisimani? Hesabu ya maji yanayogawanywa imepimwa katika mwaka wa mvua, au katika mwaka wa kiangazi? Maswali haya hayahitaji shahada. Diwani anaweza kuyauliza, na mwandishi wa habari pia, na hata msikilizaji aliyeko nyumbani anaweza kuyapeleka kwenye mkutano wa mtaa. Ni rahisi zaidi kuongeza kiti mezani kabla maji hayajagawanywa kuliko kwenda mahakamani miaka mia moja baadaye.

Maana mto haujui mkataba. Unajua mvua iliyonyesha na watu wanaouchota. Sisi tunaougawa ndio tunaopaswa kujua nani hayupo, na kumngoja.